Mchanga Haukuwa Bahati: Jacques Feyder na Jangwa la L'Atlantide

Filamu ya L'Atlantide ilipotoka mwaka 1921, mhakiki wa Kifaransa Louis Delluc alisema kwamba ndani yake mna mwigizaji mmoja tu mkubwa, naye ni mchanga. Kauli hiyo ni fupi na ni tamu mdomoni, ndiyo maana haijafa. Kwa miaka mia moja imepita kutoka kitabu hadi kitabu, na karibu kila anayeinukuu huitumia kama hukumu: waigizaji walikuwa dhaifu, hadithi ilikuwa ya kipuuzi, na mwongozaji Jacques Feyder aliokolewa na jangwa. Kwa maneno mengine, sifa ziende kwa Sahara, na Feyder ashukuru Mungu kwa bahati yake.

Nimeitazama filamu hiyo mara tatu, na kila mara nimetoka nikiamini kwamba hukumu hiyo si ya haki. Mchanga haujipeleki wenyewe mbele ya kamera. Kuna mtu aliyeuchagua, akaufuata, akaishi nao miezi minane, akaamua kamera isimame wapi na isubiri muda gani. Huyo ndiye tunayepaswa kumzungumzia. Tukishampa haki yake, ndipo tutakuwa na haki ya kumuuliza swali gumu zaidi: ikiwa alifunga safari yote hiyo kuutafuta ukweli wa nchi, mbona hakuwatafuta watu wa nchi hiyo?

Filamu za kusisimua za Ufaransa hazikuanza na Feyder. Georges Méliès alikuwa amejenga studio yake ya vioo Montreuil tangu 1897, na huko mwezi, bahari na majangwa vyote vilichorwa kwa brashi. Kabla ya Vita Kuu, uwanda wa Camargue kusini mwa Ufaransa uligeuzwa kuwa Marekani ya magharibi, na Joë Hamman akapanda farasi humo kama mchunga ng'ombe wa Arizona. Kisha akaja Louis Feuillade wa kampuni ya Gaumont, aliyeitoa hadithi ya majambazi kwenye turubai akaipeleka mitaani. Katika Fantômas ya 1913 na 1914, na Les Vampires iliyoanza 1915, watu waliovaa nguo nyeusi wanapanda mapaa ya kweli ya Paris na kukimbia kwenye barabara za kweli. Hofu inatoka palepale: mtaa ni ule ambao mtazamaji ameupita asubuhi akienda kazini.

Shule hiyo ndiyo iliyomlea Feyder. Alizaliwa Ixelles, Ubelgiji, mwaka 1885, kwa jina la Jacques Frédérix, katika ukoo wa wanajeshi ambao haukufurahia kuona mtoto wao akienda jukwaani, na jina la Feyder ni la kazi. Alianza kuongoza filamu huko huko Gaumont wakati wa vita. Wawili kati ya waigizaji wakuu wa L'Atlantide nao walitoka kwa Feuillade. Georges Melchior, anayecheza luteni Saint-Avit, ndiye aliyekuwa Fandor, mwandishi wa habari katika Fantômas. Stacia Napierkowska, anayecheza malkia Antinéa, ndiye aliyecheza dansi akiwa amevaa mabawa ya popo katika sehemu ya pili ya Les Vampires. Kwa hiyo Feyder alipopanda meli kwenda Algeria hakuwa anaanzisha dini mpya. Alikuwa anachukua kanuni ya mwalimu, kwamba tukio la ajabu liwekwe mahali pa kweli, na kuivusha bahari.

Hadithi yenyewe aliitoa katika riwaya ya Pierre Benoit iliyotoka 1919 na kupata tuzo kubwa ya riwaya ya Chuo cha Ufaransa mwaka huo huo. Maofisa wawili wa jeshi la Ufaransa, kapteni Morhange na luteni Saint-Avit, wanasafiri kuelekea milima ya Hoggar kusini kabisa mwa Algeria. Wanamwokoa Mtuareg mmoja, Cegheir-ben-Cheikh, naye anawatega kwa bangi ndani ya pango na kuwapeleka kwenye jumba lililofichwa milimani. Hapo anatawala Antinéa, mzao wa mwisho wa Atlantis. Wanaume wanaompenda hufa, na maiti zao hupakwa madini na kusimamishwa ndani ya ukumbi wa marumaru nyekundu. Morhange anamkataa malkia. Saint-Avit hawezi kumkataa, na kwa amri yake anamuua rafiki yake kwa nyundo. Kisha anatoroka akisaidiwa na Tanit-Zerga, msichana mtumwa kutoka Gao, ambaye anafia jangwani kwa kiu.

Riwaya haikumaliza hata mwaka kabla ya ugomvi kuzuka. Benoit alishtakiwa magazetini kwamba ameiba kutoka kwa Mwingereza Henry Rider Haggard na riwaya yake She ya 1887. Ugomvi huu unatugusa sisi wa upande huu wa bara, maana Haggard aliiweka hadithi yake kwetu: wasafiri wake wanakuja kwa jahazi kwenye mwambao wa mashariki mwa Afrika, kaskazini ya mahali mto Zambezi unapomwaga maji baharini, wakiwa na nahodha Mwarabu aitwaye Mahomed. Jahazi linazama, wanaingia bara kwa mashua, na huko ndani wanamkuta malkia mweupe asiyekufa anayetawala watu weusi. Benoit alijitetea kwamba hajui Kiingereza. Akaenda mahakamani, na kesi ikamshinda.

Sina subira kubwa na ugomvi huo. Wanaoupenda huhesabu mambo yanayofanana: malkia, wapenzi waliokufa, njia ya siri. Hawaulizi kwa nini Mwingereza wa 1887 na Mfaransa wa 1919 wote wawili walipoitazama ramani ya Afrika waliona mahali patupu, na wote wakaweka hapo mwanamke mweupe kwenye kiti cha enzi. Kama kuna wizi, basi wote wawili wameiba, na mwenye mali si kati yao. Nitarudi kwa mwenye mali.

Turudi kwa Feyder. Mwaka 1920 mwongozaji wa Kifaransa aliyetaka jangwa alikuwa na njia rahisi. Pwani za Ufaransa zina matuta ya mchanga, na misitu karibu na Paris ina viwanja vya mchanga mweupe. Ngamia wangeweza kukodiwa kwenye sarakasi. Watazamaji walikuwa wamezoea hivyo na hawakuwa wakilalamika. Feyder alikataa. Alitafuta fedha, akachukua waigizaji, wapiga picha na mizigo yao, akavuka Mediterania, na kwa muda wa miezi minane akapiga picha Algeria: Touggourt kwenye mlango wa jangwa la mchanga, milima ya Aurès, na Djidjelli pwani. Gharama zilipanda hadi zikakaribia faranga milioni 2, kiasi ambacho filamu za Ufaransa za wakati huo hazikukizoea.

Tuelewe Sahara ya mwaka 1920 ilikuwa nini kwa Wafaransa. Mwezi Machi mwaka huo huo jenerali Laperrine, mtu aliyelijua jangwa hilo kuliko ofisa yeyote, alikufa humo baada ya ndege yake kuanguka akijaribu kuvuka. Miaka minne nyuma, mtawa Charles de Foucauld aliuawa Tamanrasset. Miaka 39 nyuma, msafara wa kanali Flatters, uliokwenda kupima njia ya reli, uliangamizwa na Watuareg wa Hoggar. Msomaji wa Benoit alikuwa na majina haya kichwani. Kwa mzazi wa Kifaransa jangwa lilikuwa mahali ambapo vijana walikwenda na barua zao zikakoma kufika.

Sasa tazama mwongozaji anavyolitumia. Kwanza, ukubwa. Feyder hupenda kuiweka kamera mbali. Msafara wa ngamia unapita kwenye ukingo wa tuta, na watu ni wadogo kama sisimizi kwenye mkunjo wa shuka. Filamu ya zama hizo haikuweza kushika buluu ya anga: mbingu hutoka nyeupe tupu. Mpigapicha mwingine angeona hilo ni kasoro. Hapa linafanya kazi. Mchanga unakatwa na weupe kwa mstari mmoja mkali, na mtu anayetembea juu ya mstari huo hana kitu nyuma yake wala juu yake. Turubai haliwezi kufanya hivyo, kwa sababu mchoraji hawezi kujizuia: lazima ajaze, aweke wingu hapa na mtende pale. Jangwa la studio daima limejaa vitu.

Pili, muda. Filamu inakaribia saa tatu, na watu wengi hulalamika kwamba inakwenda polepole. Lakini hebu jiulize kiu inaonyeshwaje katika sinema isiyo na sauti. Mwigizaji anaweza kushika koo na kutoa ulimi, na baada ya nukta tatu tumeelewa na tumechoka. Feyder anafanya jambo jingine. Anatuacha tutembee. Saint-Avit na Tanit-Zerga wanatembea, kisha wanatembea, na kila tunapodhani kwamba picha inayofuata itatuletea kisima, inatuletea tuta jingine. Mtu aliyewahi kusafiri kwa miguu juani anajua kwamba adha ya safari iko katika hesabu: bado, bado, bado. Hesabu hiyo ndiyo aliyoiweka kwenye filamu. Anayekata sehemu hiyo ili filamu iende haraka ameitoa roho yake.

Tatu, kumbukumbu. Hadithi inasimuliwa kwa mbinu rejeshi, kisa ndani ya kisa: Saint-Avit, akiwa amerudi kwenye kituo cha jeshi, anamsimulia ofisa mwenzake yaliyompata. Msimulizi huyu ameua, amevuta bangi, amekaribia kufa kwa kiu. Je, tumwamini? Katika riwaya swali hilo hupita haraka. Katika filamu linabaki, kwa sababu ya mchanga. Mchanga wa kituoni, ambako anasimulia, na mchanga wa safari anayoisimulia ni ule ule. Tunaona kwa macho yetu kwamba nchi ni ya kweli, na hivyo tunashindwa kuamua kama jumba nalo ni la kweli. Hapo ndipo Feyder alipozidi mwalimu wake. Feuillade aliweka ajabu ndani ya mtaa wa kweli ili kututisha. Feyder aliiweka ndani ya jangwa la kweli ili kututia shaka.

Kwa sababu hiyo nasema kauli ya Delluc imesomwa vibaya. Delluc alikuwa nani? Mhakiki aliyekufa 1924 akiwa na miaka 33 tu, na ambaye katika muda huo mfupi alijaribu kuwafundisha Wafaransa kutazama sinema kama sanaa inayojitegemea, wala si kama tamthilia iliyopigwa picha. Alizipenda sana filamu za Sweden, hasa Les Proscrits ya Victor Sjöström ya 1918, ambayo milima na theluji yake huamua hatima ya wapenzi wawili kuliko mtu yeyote. Kwa mtu wa imani hiyo, kusema kwamba mchanga ni mwigizaji mkubwa hakuwezi kuwa dharau tupu. Ni lawama kwa waigizaji, ndiyo. Lakini ni kukiri pia kwamba filamu ya Kifaransa imefanya kile alichokuwa akiwasifia Waswidi kwa kukifanya. Waliokuja baadaye walibeba nusu ya kwanza ya kauli na kuiacha nusu ya pili njiani.

Kuna pingamizi jingine ambalo nalipa uzito zaidi, kwa kuwa linatoka kwa watu wanaoijua ramani. Touggourt si Hoggar. Kutoka mji huo hadi Tamanrasset ni zaidi ya kilomita 1,000 kuelekea kusini. Touggourt ilikuwa na reli tangu 1914. Feyder alifika mahali treni ilipoishia, na kutoka hapo akaigiza mahali ambapo treni ya Flatters haikufika kamwe. Na milima ya Aurès, anayoifanya Hoggar, ni nchi ya Waberberi wengine kabisa, wenye historia yao, nchi ya Kahina aliyepigana na majeshi ya Waarabu katika karne ya 7. Basi uhalisia uko wapi?

Pingamizi ni la kweli, lakini halifiki linakotaka kufika. Feyder hakuwa mpimaji wa ardhi. Alichohitaji kwa mchanga ni mwenendo wake: namna unavyozama chini ya mguu, namna upepo unavyofuta nyayo, namna mwili wa mwigizaji unavyobadilika akiukanyaga siku ya arobaini. Melchior wa Fantômas ni kijana mwepesi wa mjini. Melchior wa L'Atlantide anatembea kama mtu aliyezeeka. Sidhani yote hayo ni uigizaji. Kwa hilo, mchanga wa Touggourt ni shahidi wa kutosha.

Shida inaanza tunapoingia ndani ya jumba. Sehemu za ndani hazikupigwa jangwani. Nje ya mji wa Algiers, upande wa Bab-el-Oued, lilisimamishwa hema kubwa likawa studio, na msanii Manuel Orazi akajenga humo makao ya Antinéa: nguzo, vitambaa, mito, taa, mchanganyiko wa Misri, Ugiriki na duka la manukato la Paris. Mtu aliyekataa tuta la bandia la mchanga alikubali ukumbi wa bandia. Aliyetembea miezi minane ili kuepuka turubai aliishia chini ya turubai.

Wengi husimama hapa kumlaumu Napierkowska. Inasimuliwa kwamba Feyder alimchagua kwa kumkumbuka alivyokuwa miaka ya nyuma, na alipofika Algeria alikuwa amenenepa. Uvumi huo umerudiwa mno, nami nauona ni wa kuaibisha. Hakuna mwanamke, mwembamba au mnene, ambaye angeweza kumpa uhai Antinéa chini ya hema lile, kwa sababu hakuna aliyekuwa amejua Antinéa ni mtu wa wapi. Morhange ana nchi, ana dini, ana jeshi, ana cheo. Saint-Avit vilevile. Antinéa ana mito ya kulalia tu. Jean Angelo, anayemcheza Morhange, anaweza kusimama kimya na tukaona ndani yake mtu wa sala. Napierkowska anapewa vazi, anaambiwa atazame.

Na hapo ndipo pa kumtaja mwenye mali. Watuareg wa Hoggar hawakuwahi kuhitaji kukopa malkia kutoka Atlantis ya Plato. Wanaye wao. Anaitwa Tin Hinan, na masimulizi yao yanasema alikuja kutoka Tafilalt, upande wa Morocco, akifuatana na mtumishi wake Takamat, akaizaa jamaa ya watawala wa Hoggar. Si hadithi ya mapambo. Katika nchi hiyo haki ya kuwa amenokal, yaani mtawala mkuu, ilifuata upande wa mama. Wanaume ndio waliofunika nyuso zao, wanawake hawakufunika. Mama alikuwa mzizi, na Tin Hinan alikuwa mama wa wote. Mwaka 1925, miaka minne baada ya filamu, wachimbaji walifungua kaburi la Abalessa, ambalo Watuareg walisema ni lake, wakakuta mifupa ya mwanamke aliyelazwa na bangili zake za dhahabu na za fedha. Kaburi hilo linakadiriwa kuwa la karne ya 4 au ya 5. Leo mabaki yake yamo katika makumbusho ya Bardo, Algiers, katika mji ule ule uliojengwa hema la Orazi pembeni yake.

Tazama basi kilichobadilishwa. Mama aliyezaa taifa amegeuzwa kuwa mwanamke anayeua wanaume. Nguvu ya kike ambayo kwa Watuareg ni sheria ya urithi, kwa Benoit ni ugonjwa wa maofisa wa Kifaransa. Feyder hakuianzisha dhambi hii, aliikuta kwenye riwaya. Lakini yeye ndiye aliyekuwa na nafasi ambayo Benoit hakuitumia. Alikuwa hapo. Alikaa miezi minane kati ya watu walioyajua masimulizi ya jangwa hilo. Mwenzake wa kila siku katika kazi alikuwa Abd-el-Kader Ben Ali, anayemcheza Cegheir-ben-Cheikh, na tofauti inaonekana: kila Cegheir anapoingia, filamu inapata uzito, kwa kuwa hapo mtu na mchanga wanajuana. Kama mwongozaji angelisikia somo la picha zake mwenyewe, angeona kwamba mwigizaji wa pili mkubwa wa L'Atlantide alikuwa mwenyeji. Lakini wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Watuareg hawakuwepo mahali hadithi ilipoandikwa, hivyo wakawepo kwenye filamu kama walinzi wa mlango wa malkia wa kigeni.

Kwamba jambo jingine liliwezekana si ndoto yangu. Jirani tu, Tunisia, Albert Samama Chikly alitengeneza Zohra mwaka 1922 na Aïn el-Ghezal mwaka 1924, na binti yake Haydée akaigiza. Zilikuwa kazi ndogo zisizo na mamilioni ya faranga. Ila kamera ilikuwa mikononi mwa mwenyeji, na mwanamke wa hadithi alikuwa na nyumbani kwake. Filamu hizo hazitajwi sana, na nafasi iliyotolewa kwa wembamba wa Napierkowska ingetosha kuzijadili mara kumi.

L'Atlantide ilifanikiwa mno. Ilionyeshwa Paris muda mrefu, ikauzwa nje, na Feyder akawa jina. Jangwa nalo likawa barabara. Desemba 1922 magari ya Citroën yenye minyororo yaliondoka Touggourt, mji ule ule, yakafika Timbuktu Januari 1923. Mafanikio hayo yalizaa msafara mkubwa zaidi wa 1924 na 1925, uliokuja na mpigapicha wake hadi kwetu: ulipofika Kampala ukagawanyika makundi manne, moja likateremkia Mombasa na jingine Dar es Salaam. Filamu yake, La Croisière noire ya Léon Poirier, ilionyeshwa 1926. Hivyo mstari uliochorwa kwenye mchanga wa Touggourt ulifika mpaka mwambao wetu, na aliyekuwa nyuma ya kamera bado alikuwa mgeni. Mwongozaji Mwaustria Pabst aliirudia L'Atlantide mwaka 1932, naye akaenda Hoggar. Hollywood iliirudia 1949 bila kufika popote.

Feyder mwenyewe alijifunza, na hii ndiyo sababu ya mwisho ya mimi kumtetea. Mwaka 1923 aliipeleka kamera yake kwenye bonde la juu la Valais, Uswisi, kutengeneza Visages d'enfants. Kanuni ni ile ile: mahali pa kweli, theluji ya kweli, subira ile ile. Lakini safari hii nyumba za kijiji zimo, mazishi ya kijiji yamo, nyuso za wanakijiji zimo, na huzuni ya mtoto aliyefiwa na mama inasimama juu ya maisha ya mahali hapo. Hakuna jumba la turubai. Mlima na mtu vimepewa haki sawa. Anayezitazama filamu mbili hizi moja baada ya nyingine ataona kwamba mbinu ya Feyder haikuwa na kasoro. Ilikuwa imekatwa nusu. Jangwani aliitumia kwa ardhi peke yake. Milimani Ulaya aliitumia kwa ardhi na watu. Kwa nini kwa Waswisi aliweza na kwa Watuareg hakuweza ni swali ambalo jibu lake halimhusu yeye peke yake, linaihusu Ufaransa nzima ya wakati huo iliyoitawala Algeria.

Namalizia na Tanit-Zerga, msichana kutoka Gao, aliyechezwa na Mfaransa Marie-Louise Iribe. Katika hadithi ya Benoit anakufa mchangani akiwa ameona mazigazi: mji wake na mto wake, mbele ya macho yake. Kila nikifika kwenye kifo chake namkumbuka mwongozaji aliyekataa mchanga wa bandia. Gao si mazigazi. Ni mji ulio kwenye mto Niger, uliokuwa makao ya dola ya Songhai, na kaburi la Askia la mwaka 1495 lingali limesimama huko, limejengwa kwa udongo, na miti inachomoza ubavuni mwake. Lilikuwa limesimama pia mwaka 1920, siku Feyder alipokuwa Touggourt akiwapanga ngamia wake kwenye ukingo wa tuta na kusubiri jua lifike mahali alipolitaka.